Injini Inayokula Oili Ipimwe Kabla ya Kufunguliwa

Gari likianza kula oili, mwenye gari wa Dar es Salaam, Nairobi au Mwanza kwa kawaida hupewa ushauri wa aina mbili. Kwanza ataambiwa ahamie oili nzito: aliyekuwa akitumia 5W-30 aweke 20W-50, au hata namba 40, ili "isipite". Hiyo ikishindwa, ataambiwa injini ishushwe ifanyiwe ovahoo. Kati ya ushauri huu na ule kuna kazi nzima ambayo gereji nyingi huiruka, nayo ni kupima. Injini inapoteza oili kiasi gani kwa kila kilomita 1,000? Oili hiyo inavuja nje au inaungua ndani? Kama inaungua, inapita kwenye ringi, kwenye sili za vali, kwenye turbo, au kwenye kile kivali kidogo ambacho injini hupumulia? Kula oili ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na daktari anayemtundikia mgonjwa dripu ya kwinini bila kumpima damu tungemshangaa. Fundi anayeshusha injini bila kupima tunamlipa, tena tunamshukuru. Nasema hatua hiyo iliyorukwa ndiyo inayowagharimu wenye magari fedha nyingi kuliko oili yenyewe.

Injini yoyote iliyo nzima hupoteza oili kidogo. Ukuta wa silinda lazima ubaki na utando mwembamba wa oili ili ringi ziteleze, na sehemu ya utando huo huungua pamoja na petroli. Pistoni ya kawaida ina ringi tatu. Mbili za juu huzuia mgandamizo usitoroke. Ya tatu, ya chini, hukwangua oili iliyozidi ukutani na kuirudisha kwenye sampu kupitia matundu madogo yaliyotobolewa kwenye mwili wa pistoni. Matundu hayo yakizibwa na masizi, au ringi hiyo ikiganda kwenye mfereji wake, oili haina pa kurudi. Inabaki juu na kuungua. Vitabu vya mwongozo vya Toyota nyingi vimeandika kuwa kikomo cha juu ni lita 1 kwa kilomita 1,000, na wauzaji hupenda kuitaja namba hiyo mteja anapolalamika. Naiona ni namba ya kukilinda kiwanda kuliko kumlinda mwenye gari. Gari linalotembea kilomita 1,500 kwa mwezi, likila kwa kiwango hicho, litamaliza lita 18 kwa mwaka, zaidi ya mara nne ya oili yote inayokaa ndani ya injini inayobeba oili lita 4.

Toyota yenyewe, ilipobanwa Marekani, ilikubali kipimo kikali zaidi. Injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyofungwa kwenye Camry za 2007 hadi 2009 na kwenye RAV4 kadhaa za miaka hiyo, ilizua malalamiko mengi ya kula oili. Kampuni ikatangaza mpango maalumu wa kuongeza dhamana, na sharti lake la kwanza lilikuwa kupima. Gari lilipelekwa kwa wakala, oili ikawekwa hadi alama ya juu, mwenyewe akaliendesha maili 1,200, ambazo ni karibu kilomita 1,930, kisha akarudi. Likionekana limepoteza robo galoni, yaani kasoro kidogo ya lita moja, lilistahili kutengenezwa. Ukipiga hesabu hiyo ni karibu nusu lita kwa kilomita 1,000, nusu tu ya kikomo kilichoandikwa vitabuni. Na matengenezo yenyewe yalikuwa kubadilisha pistoni pamoja na ringi zake, kwa sababu ubovu ulikuwa kwenye pistoni. Subaru nayo ilishtakiwa nchini humo kwa madai yanayofanana na hayo, na kesi ikamalizika kwa makubaliano mwaka 2016.

Habari hiyo inatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa injini za familia hiyo zimejaa barabarani kwetu ndani ya Estima, Alphard, Harrier, Kluger na Ipsum zilizotoka Japani. Kabla yake ilikuwepo 1ZZ-FE ya lita 1.8, ambayo pistoni zake za miaka ya mwanzo zilikuwa na matundu machache na madogo, nayo ndiyo injini ya Allion, Premio, Wish na Opa nyingi ambazo familia za mjini huzinunua kama gari la kwanza. Mwenye Allion ya zamani anayeambiwa kuwa amelichosha gari kwa uendeshaji mbaya huenda anabebeshwa lawama ya mchoraji wa pistoni. Jina la injini limeandikwa kwenye kibao kilicho chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango. Fundi makini hulisoma kabla hajashika spana.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata mafundi wazuri. Wanapima kompresheni, wanaikuta nzuri kwenye silinda zote nne, wanahitimisha kuwa ringi ni nzima. Kompresheni ni kazi ya ringi mbili za juu. Ile ya tatu inaweza kuwa imeganda kabisa na kipimo kisionyeshe lolote. Kwa hiyo kompresheni nzuri haitoshi kuifutia ringi mashtaka, ingawa kompresheni mbaya ni ushahidi wa kweli. Silinda ikisoma chini, fundi humimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena: mgandamizo ukipanda, hewa ilikuwa ikipita kwenye ringi, ukibaki pale pale, vali ndizo za kutazamwa. Plagi zenyewe pia zina la kusema. Plagi moja ikitoka na utando mweusi wa oili wakati nyingine tatu ni kavu na za kahawia, tatizo lipo kwenye silinda moja, wala hakuna sababu ya kuzilaumu zote.

Moshi nao husomwa, na kusomwa kwake hakugharimu kitu. Moshi wa bluu unaofoka gari linapowashwa asubuhi, kisha ukakoma baada ya dakika moja, kwa kawaida hutokana na sili za vali zilizokauka: usiku oili imechuruzika taratibu ikaingia ndani ya silinda. Moshi wa bluu unaoongezeka unapokanyaga mafuta kupanda mlima huelekeza kwenye ringi. Ukitoka pale unapokanyaga tena mafuta baada ya kuteremka mteremko mrefu mguu ukiwa nje, turudi kwenye vali. Tofauti hii ina maana kubwa mfukoni. Sili za vali ni vipande vidogo vya mpira, na kwenye injini nyingi fundi anayeijua kazi anaweza kuzibadilisha bila kushusha injini, wakati mwingine bila hata kufungua silindahedi. Aliyeshusha injini nzima kwa ajili ya moshi wa asubuhi amelipa ng'ombe kwa kosa la kuku. Kukosekana kwa moshi, hata hivyo, kusimpe mtu usingizi. Gari ambalo bado lina masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi linaweza kuunguza oili nyingi bila kuonyesha moshi, na fosforasi iliyomo kwenye oili huyaharibu masega hayo polepole. Yakishakufa, gereji huyang'oa, na hewa chafu iliyokuwa ikichujwa huingia kwenye vifua vya wanaosubiri daladala.

Sababu iliyo rahisi kuliko zote ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Injini huvuta na kutoa pumzi kupitia vali ndogo, aghalabu ipo kwenye kifuniko cha juu cha injini, inayochukua mvuke wa oili kutoka chini na kuurudisha kwenye njia ya hewa uchomwe. Vali hiyo ikiziba, shinikizo hupanda ndani na oili husukumwa itokee popote penye udhaifu: kwenye sili za krenki, kwenye gasketi, hata kupitia ringi. Ikikwama wazi, injini hunyonya mvuke wa oili mfululizo na kuuchoma. Kuikagua ni kazi ya dakika chache: unaifungua na kuitikisa, nayo inapaswa kusikika ikicheza ndani, unapuliza kupitia kimpira, na pumzi inapaswa kupita upande mmoja na kuzuiwa upande wa pili. Bei yake haikaribii hata kidogo gharama ya kushusha injini. Kuvuja nako hukaguliwa kirahisi. Laza boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku, asubuhi usome madoa yalipo: mbele kwenye puli, nyuma inapounganika na giaboksi, au pembeni ilipo filta ya oili.

Kupima matumizi yenyewe hakuhitaji mashine. Gari likae mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa muda wa kutosha oili ishuke. Toa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe hadi mwisho, kitoe tena usome. Jaza hadi alama ya juu bila kuipita, kwa sababu oili iliyozidi hupigwa na krenki ikawa povu, ikatoka kupitia njia ya kupumulia, na mtu akadhani injini imekufa kumbe ameijaza kupita kiasi. Andika namba ya kilomita. Ukifikisha kilomita 1,000, ongeza kwa chupa yenye mistari ya vipimo mpaka ile alama ya juu. Ulichoongeza ndicho injini ilichokula. Chini ya robo lita, kwa gari la umri wa miaka 15, sioni haja ya kuhangaika. Likivuka nusu lita, kiwango kile kile kilichotumika Marekani, anza kutafuta sababu.

Najua pingamizi la kwanza: nchi zetu ni za joto, na oili nzito imekuwa ikitumika tangu enzi za Land Rover na Peugeot 504 bila matatizo. Pingamizi hilo lina ukweli wake. Vitabu vingi vya mwongozo vya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto vinaruhusu 15W-40 na hata 20W-50, na asiwepo wa kumtisha mtu anayefuata kitabu chake. Ninachokataa ni kutumia uzito wa oili kama tiba. Oili nzito haifungui tundu lililozibwa na masizi wala hailainishi sili iliyokauka. Inaweza kupunguza kasi ya upotevu kwa miezi kadhaa, na miezi hiyo ndiyo ambayo ringi iliyoganda kidogo huganda kabisa. Tena injini za VVT-i hupanga muda wa vali kwa shinikizo la oili linalopita kwenye njia nyembamba zenye kichujio cha waya. Oili nzito kuliko inayotakiwa huchelewa kufika huko injini inapowashwa baridi, na uchakavu mwingi wa injini hutokea katika sekunde hizo za mwanzo.

Wengine watasema kuongezea chupa moja kila mwezi ni nafuu kuliko fundi. Kwa gari lililobakiza miaka miwili ya kuishi, nakubali, ilimradi mwenyewe anafungua boneti kila wiki. Lakini wengi wanaosema hivyo wanasubiri taa ya oili iwake, na taa hiyo haipimi kiasi, inapima shinikizo. Inapowaka njiani, mara nyingi pampu imeshaanza kufyonza hewa gari linapokata kona au kupanda mlima, na beringi za krenki zimeshasaga chuma kwa chuma. Injini nyingi ambazo watu husema ziliuawa na kula oili ziliuawa na kukosa oili. Zingeweza kuishi miaka mingine zikiongezewa kwa wakati huku chanzo kikitafutwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mafundi wenyewe. Mteja, wanasema, anataka gari jioni, hataki kusikia habari ya kilomita 1,000 za majaribio, na hayuko tayari kulipia kupimwa. Ni kweli, na lawama hapo ni yetu wenye magari. Tumezoea kulipia kipuri na jasho, hatulipii akili. Fundi aliyetumia saa mbili kugundua kuwa tatizo ni kivali cha bei ndogo hupata kidogo kuliko aliyeshusha injini bila kujua kwa nini, kwa hiyo tunawazoesha mafundi kushusha injini. Kipimo cha kompresheni si kifaa cha anasa, gereji ya kawaida ya Ilala au ya Kirinyaga Road inaweza kuwa nacho, na vijana waliopita vyuo vya ufundi vya VETA wamefundishwa kukitumia. Kinachokosekana ni mteja anayesema: pima, nitakulipa kwa kupima, kisha tuzungumze.

Na ovahoo yenyewe, inapokuwa lazima, haina uhakika ambao watu wanaufikiria. Injini ya 1ZZ au 2AZ ikifunguliwa, ikawekwa ringi mpya juu ya pistoni zile zile zenye matundu madogo, itatulia kwa muda kisha itaanza upya. Toyota ilibadilisha pistoni, haikuishia kwenye ringi, na aliyeitengeneza injini ndiye anayeijua. Kununua injini ya mtumba nako ni bahati nasibu, kwa kuwa unaweza kuchukua ya toleo lile lile lenye kasoro ile ile. Kabla ya kufika huko ipo hatua moja inayofaa kujaribiwa kwa ringi zilizoganda: fundi hufungua plagi, humimina juu ya pistoni dawa ya kuyeyusha masizi, huiacha ilale, kisha huizungusha injini plagi zikiwa bado nje ili kilichobaki kitoke, halafu humwaga oili yote na kuweka mpya pamoja na filta. Haifanikiwi kila mara, na ukuta wa silinda uliokwisha kukwaruzwa haurudishwi na dawa yoyote. Ila gharama yake ni ndogo na haivunji kitu, mradi plagi zisirudishwe kukiwa na majimaji ndani.

Chanzo cha masizi hayo tunakijua, na kwa sehemu kubwa kiko mikononi mwetu. Kilomita 5,000 kati ya kumwaga oili na kumwaga nyingine zina maana kwa gari linalotembea. Gari linalokaa saa mbili asubuhi na saa mbili jioni kwenye foleni ya Mbagala au ya Thika Road linaichosha oili wakati kilomita hazisogei, na mwenyewe akitazama namba anajiona bado yuko salama. Oili ya bandia iliyofungwa kwenye kidumu kinachofanana na cha kweli huanza kuwa nzito na nyeusi mapema. Kisha kuna vumbi. Filta ya hewa inayopulizwa kwa kompresa kila wiki na kurudishwa hupanuka vitundu vyake, na mchanga mwembamba wa barabara ya vumbi huingia ndani na kufanya kazi ya msasa kwenye ukuta wa silinda. Filta mpya ingezuia hilo kwa gharama ya chakula cha mchana cha watu wachache.

Anayenunua gari la mtumba asitegemee kwamba serikali imemkagulia jambo hili. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8, Tanzania hulitoza gari kuukuu ushuru wa ziada, lakini umri hautuambii injini inakula oili kiasi gani, na ukaguzi wa siku moja hauwezi kugundua kinachoonekana kwa kuendesha mamia ya kilomita. Fungua kifuniko cha kujazia oili uangalie kwa tochi: chuma cha rangi ya asali ni dalili njema, tope jeusi linalogandamana ni historia ya oili iliyocheleweshwa. Tazama pia kibandiko cha Kijapani cha huduma, mara nyingi kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, chenye tarehe na kilomita za oili ya mwisho. Kikisoma kilomita nyingi kuliko dashibodi, ondoka.

Kama gari lako tayari linakula, anza kesho asubuhi na kijiti, kalamu na chupa yenye vipimo. Ukienda gereji, nenda na namba yako, mwombe fundi akague kuvuja, kivali cha kupumulia, plagi na kompresheni kwa mpangilio huo, akuandikie alichokiona, na umlipe kwa kazi hiyo hata kama hakubadilisha kipuri hata kimoja. Akikataa kupima na kusisitiza injini ishuke leo, chukua ufunguo wako utafute fundi mwingine.